Muhula wa Kukaangwa

8 Septemba

Muhula umeanza na manyunyu. Mama amepiga simu kutoka Gachoka kuuliza kama huku Embu kumenyesha, nikamwambia ndiyo, akaguna kama mtu aliyeibiwa. Kwetu bado ni vumbi.

Leo tumekuwa na somo la kwanza la utafiti. Mwaka wa nne wa uuguzi hauna mchezo. Mradi wako wa utafiti usipopita huhitimu, hata kama unajua kumzalisha mwanamke ukiwa umefumba macho. Anayetufundisha ni Daktari Muchangi, ambaye shahada yake ya uzamifu bado inanukia upya, na ndiye pia atakayetia sahihi alama zetu. Kabla hata hajatusalimu vizuri akatugawia hojaji. Si ya kazi yetu, ni ya kazi yake. Anataka kujua kama namna yake ya kufundisha inawafanya wanafunzi wajiamini katika utafiti, na kama anayejiamini ndiye anayepata alama nzuri.

Maswali karibu yote yanaanza na “Naweza”. Naweza kubuni swali la utafiti. Naweza kuchagua watu wa kuhoji. Naweza kuchambua data. Unajipa mwenyewe, kuanzia sufuri hadi kumi. Desemba atatupa karatasi hiyohiyo tena, kisha asimame kwenye Siku ya Utafiti aonyeshe wageni jinsi tulivyopanda. Mimi nilijipa mbili na tatu, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Fomu ya ridhaa aliisoma mbiombio kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani huku watu wanataka kwenda nyumbani. Majina ni siri, kila mtu ni namba tu. Mshiriki anaweza kujiondoa wakati wowote bila kutoa sababu. Mimi ni namba ishirini na saba. Nkirote, mwenzangu wa chumba kutoka Maua, ni ishirini na nane, na amejipa kumi kila mahali. Nimemuuliza kama ana wazimu. Akasema, “Sasa nikijinyima mimi, nani atanipea?”

9 Septemba

Mvua. Chapati za kantini zimekonda.

16 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Wanafunzi waliotutangulia walitwambia darasa la Muchangi linaitwa kukaangwa. Mwenyewe analijua jina hilo na anaona fahari nalo. Unaitwa mbele, unaeleza unachotaka kutafiti, naye anakaa kiti cha nyuma kabisa, miguu juu ya meza, anakurushia maswali mpaka utoke jasho.

Mimi nataka kujua kwa nini akina mama wa Siakago, jirani na kwetu Gachoka, huanza chanjo za watoto na hawazimalizi. Nilikuwa nimechora jedwali langu ubaoni kwa mwandiko mzuri. Hakunisikiliza hata nimalize.

“Hiyo jedwali yako iko na shimo,” akasema. “Idadi ya watoto kwa kila nyumba iko wapi?”

“Sitauliza hivyo, Daktari. Upande wa kwetu akina mama, hasa wale wa umri mkubwa, hawapendi kuhesabu watoto. Wanaona ni kama kuwaitia mabaya. Ukiuliza wangapi, unafungiwa mlango ama unadanganywa. Nitaomba wanitajie majina, halafu mimi...”

“Ngoja, ngoja. Wewe ni mtafiti na unaogopa kuhesabu?”

Darasa likacheka. Akaona limecheka, akaongeza moto.

“Huyu hatatuletea data, atatuletea hadithi za nyanya, za cucu yake. Msichana, hii kitu huiwezi. Rudi Gachoka upande ndengu. Hiyo pia ni kazi.”

Sasa kicheko kilikuwa cha kugonga meza. Kirimi, kiongozi wetu wa darasa, ambaye nilimpa maelezo yangu ya famasia mwaka mzima wa pili, ndiye aliyegonga zaidi. Nilisimama pale na chaki mkononi. Nilitaka kumwambia Muchangi kwamba ndengu za mama yangu ndizo zilizonileta hapa, lakini nilijua nikifungua mdomo nitalia, na hilo nisingempa. Nilirudi kuketi. Nkirote peke yake hakucheka. Alinishika goti chini ya meza hadi somo lilipoisha.

Naandika hapa ili baadaye nisije nikajisingizia upole: Muchangi atajua hajui.

17 Septemba

Bado nimekasirika.

18 Septemba

Bado.

22 Septemba

Nimepata. Nilikuwa naosha soksi, ikanijia nikaacha bomba likimwagika.

Muchangi anatuhitaji. Kupandishwa kwake cheo kumekaa juu ya karatasi ile ya “Naweza”. Desemba ataturudishia, na kama darasa zima litajaza sufuri na moja, basi mbele ya wageni na mkuu wa kitivo itaonekana kwamba tuliingia kwake tukijiweza, tukatoka hatuwezi hata kushika kalamu. Atavuliwa nguo na karatasi yake mwenyewe. Nimecheka peke yangu bafuni mpaka mtu akagonga mlango kuuliza kama niko salama.

Nkirote nimemwambia. Hakufurahi nilivyotarajia. “Ni sawa,” akasema, “lakini na sisi tutakuwa tumejifunza nini?” Kesho ni zamu yake kukaangwa.

23 Septemba

Nkirote alizungumzia usingizi wa vijana wanaotafuna miraa. Swali zuri sana, na anaishi nalo, kwa sababu shangazi zake wote ni wachambuzi wa miraa Maua. Muchangi alimuuliza atawapimaje usingizi, naye akajibu, na jibu lilikuwa sawa. Akamuuliza tena, akajibu tena. Basi Muchangi akamgeukia Kirimi akasema, “Bwana Kirimi, huyu ako na kiburi cha mtu hajui kitu.” Nkirote akashikwa na kigugumizi. Mara ya tatu jibu lake halikuwa jibu.

Jioni hakula. Nikampigia hesabu ya kisasi chetu ili acheke. Alicheka kidogo kunifurahisha mimi.

30 Septemba

Mvua inanyesha kama inalipwa. Gachoka, vumbi.

3 Oktoba

Mchana mzima maktabani. Kumbe kudanganya kwenye hojaji si kazi ya kitoto. Wanaochambua data wana mitego yao. Kuna swali moja limegeuzwa makusudi: “Mara nyingi hushindwa kutofautisha sampuli na jamii inayotafitiwa.” Anayejaza sufuri kila mahali bila kusoma atakamatwa hapo hapo, maana sufuri hapo ni kujisifu. Na darasa zima likijibu sawasawa, hata mtoto atajua tulipanga. Inabidi uongo wetu uwe na tofauti za kawaida, huyu ashuke sana, yule kidogo.

Nimeazima vitabu viwili vya takwimu. Mwaka jana nilivikimbia kama nyoka. Leo nimevisoma hadi mlinzi wa maktabani akanisimamia na funguo. Chuki ni mwalimu mzuri, haichoki na haipigi kelele.

7 Oktoba

Muchangi amemkaanga Kirimi. Jamani! Alimwambia pendekezo lake linanuka kunakiliwa, na lilikuwa linanuka kweli. Kirimi alitoka nje amekunjamana. Nilimfuata kwenye korido nikamweleza mpango wangu, naye akanishika mikono yote miwili.

“Kagure, mimi niko ndani. Niko ndani kabisa. Na siku ile nilicheka, pole.”

“Pole yako niwekee. Niletee watu.”

10 Oktoba

Tumekutana nyuma ya kanisa la chuo, karibu darasa zima. Nimewafundisha kudanganya. Nimewachorea chini kwa kijiti wastani ni nini, kwa nini watu wakishuka kwa viwango mbalimbali inaaminika kuliko wakishuka pamoja, na swali lililogeuzwa lijibiwe vipi. Msichana mmoja akasema, “Sasa hii ndiyo nimeelewa leo, na Muchangi alifundisha wiki mbili.” Watu wakaniuliza maswali mengine, ya miradi yao halisi. Nikajibu. Nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye kisasi, lakini nikajibu.

Nkirote hakuja. Alisema kichwa kinamuuma.

21 Oktoba

Pendekezo lake Nkirote limerudishwa kwa mara ya tatu. Safari hii hakuna hata alama ya kalamu ndani. Muchangi aliliweka juu ya meza yake bila kulifungua, akasema, “Nimeshajua kilichomo.” Nilikuwepo, nimeshika langu, na nilimwona Nkirote akisema “Asante, Daktari.” Alisema asante!

27 Oktoba

Nkirote ameenda.

Nilitoka wodini saa saba, zamu ya asubuhi, nikakuta upande wake wa chumba umefagiliwa. Godoro limekunjwa. Ameniachia jiko lake la gesi na sweta ile ya kijani niliyokuwa namwibia. Nilimpigia simu mara nyingi ndipo akashika, na nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake na majani ya migomba yakichanwa.

“Niko kwa shangazi,” akasema. “Usinitafute kwa maneno mengi, Kagure. Nimechoka.”

“Umebakisha muhula mmoja na nusu! Desemba tunamwonyesha, umesahau?”

“Wewe utamwonyesha. Mimi kila nikifungua hiyo karatasi nasikia sauti yake. Nikitaka kuandika sentensi naisikia imeshaikataa. Nimekaa na hiyo sauti nikaona, pengine huyu mtu anasema ukweli. Pengine haikuwa yangu.”

“Ulijipa kumi kila mahali.”

“Ndiyo,” akasema. “Nilikuwa mjinga mwenye furaha.”

Nilimkasirikia. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwamba anampa ushindi, kwamba ni mwoga. Nikakata mwenyewe. Halafu nikakaa juu ya godoro lake lililokunjwa nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe haikujua imwendee nani. Mwishowe ilijua. Mwanzo nilitaka kumlipiza Muchangi kwa kicheko kimoja cha dakika mbili. Sasa si hayo tena. Huyu mtu amemtoa Nkirote ndani ya Nkirote, na kesho yake akaja darasani na tai nyekundu.

28 Oktoba

Tai nyekundu tena. Alipoita majina akafika kwa Nkirote, hakuna aliyejibu. Akapita.

4 Novemba

Mama amepiga simu anacheka. Gachoka kumenyesha! Ndengu ziko ardhini. Nilijifungia chooni nikashangilia kimyakimya.

12 Novemba

Siakago. Nimeanza kukusanya data, na tope la huku limeamua kunivua viatu. Chifu amenipa ruhusa, na mhudumu wa afya wa kijiji ananipeleka nyumba kwa nyumba. Ninakaa, ninasalimu kwa Kimbeere, ninauliza habari ya mvua na ya mbuzi, kisha ninasema, “Nitajie watoto wako, kuanzia yule wa kwanza.” Wanataja. Wengine wanataja hata waliozikwa, kwa sauti ya chini, nami ninaweka kalamu chini kwanza. Kuhesabu ninahesabu baadaye, nikiwa nimeshapita lango.

Sikutegemea nitaipenda kazi hii. Ninaandika hili kwa shingo upande.

14 Novemba

Leo nimekula karamu peke yangu.

Muchangi alikuja kutukagua uwandani. Tulikuwa nyumbani kwa cucu Gatakaa, ambaye analea wajukuu kundi zima na alikuwa ameshanitilia uji. Nikamwomba Daktari akae tu, anisikilize. Hakukaa. Mvua ilikuwa imeanza na alitaka kumaliza upesi. Akasimama mlangoni na mwavuli wake, akasema kwa Kiswahili cha ofisini, “Mama, habari. Hapa kwako kuna watoto wangapi?”

Cucu Gatakaa aliweka kata chini.

“Wangapi?” akauliza. “Wewe ni wa mnada? Hapa umeona mbuzi?”

“Hapana mama, ni utafiti. Ni namba tu.”

“Namba peleka kwenu.”

Na mlango ukafungwa. Uji wangu ukabaki ndani. Nyumba ya pili nayo ilikuwa imefungwa tulipofika, na ya tatu, maana mtoto mmoja alikuwa ameshatumwa mbele yetu kwa mbio. Kazi ya siku ikafia hapo. Muchangi alisimama njiani, suruali imelowa hadi magoti. Nilimwangalia nikaona nimeshiba.

Tukirudi kwa gari lake aliendesha kwa kasi hadi Embu ikaanza kuonekana. Kisha akauliza, bila kunitazama, “Ulisema unauliza vipi?”

Nikamweleza. Alisikiliza, safari hii hadi mwisho. “Ni mbinu nzuri,” akasema. Naichukia sana furaha iliyonipanda kifuani wakati huo. Niliikanyaga pale pale.

18 Novemba

Heri niliikanyaga. Leo darasani Muchangi ametufundisha “mbinu ya kutaja majina, tuliyoigundua uwandani.” Tuliyoigundua! Kirimi alinigeukia akatoa macho. Nilitabasamu. Desemba haiko mbali.

24 Novemba

Nimerudi kwa cucu Gatakaa peke yangu na sukari. Amenitajia wote. Data yangu imekamilika.

1 Desemba

Siku ya hojaji. Nimengoja siku hii muhula mzima, na sijui niandike nini kuhusu nilichofanya.

Muchangi aligawa karatasi mwenyewe. Namba ishirini na saba. Nikamtazama Kirimi, akanikonyeza. Nikashusha kalamu kwenye swali la kwanza, “Naweza kubuni swali la utafiti”, niandike moja. Moja tu. Mkono ukakataa.

Sio kwamba nilimhurumia, Mungu anajua. Ni kwamba nilimwona cucu Gatakaa akitaja majina. Niliwaona wenzangu nyuma ya kanisa wakiangalia nilichochora chini kwa kijiti. Nikawaza: yule mtu alisema siiwezi, na sasa mimi, kwa mkono wangu, niandike kwamba kweli siiwezi? Nimpe kwa maandishi kile nilichokataa kumpa kwa machozi? Nikaandika tisa. Swali la pili tisa. La kuchambua data nikaandika nane, kwa sababu sehemu moja bado inanisumbua. Nilijaza ukweli mtupu toka juu mpaka chini na nikatoka nje nimejiona msaliti.

Nilimsubiri Kirimi nimwombe msamaha. Akaniwahi yeye.

“Kagure, usikasirike. Mimi hata sikutumia mpango.”

“Hata wewe?”

“Sikuhitaji. Nilianza kudanganya nikaona ni vile vile tu. Niliandika vile iko. Mimi utafiti siwezi, na nikitoka hapa sitaki kuusikia tena.” Akainua mabega. “Na wengi nimewauliza, ni hivyo hivyo. Hakuna mtu alidanganya.”

Nilikuwa nimewafundisha kudanganya ili waonekane wamevunjika, na kumbe walikuwa wamevunjika. Mvua ikaanza, tukasimama chini ya paa la maabara kama watu waliotoka mazishini.

5 Desemba

Mradi wangu nimeuwasilisha ofisini kwake. Ameupokea akasema, “Tutaona.”

9 Desemba

Mvua imeanza kupungua. Nimenyoosha blauzi nyeupe.

11 Desemba

Siku ya Utafiti. Naandika kila kitu, nisisahau hata kikohozi.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikuwa wageni kutoka vyuo vingine na hospitali, na Profesa Igoki, mkuu wa kitivo, mama mmoja mpole wa kuogopesha, miwani kwenye mnyororo. Muchangi alikuja na tai nyekundu. Akaonyesha mchoro wake kwenye ukuta, mistari mingi myembamba, kila mwanafunzi mstari wake, ikianzia Septemba na kuishia Desemba. Karibu yote ilishuka.

Nilidhani ataona haya. Thubutu! Alikuwa amejitayarisha.

“Wageni waheshimiwa, msishtuke,” akasema. “Kufundisha ni kupepeta. Hii inayoshuka ni pumba, ilikuwa na majivuno na sasa imejua kiasi chake. Tazameni punje.” Akabonyeza, mstari mmoja ukawaka rangi nyekundu, unapanda peke yake katikati ya ile yote kama mtu anayepanda ngazi wakati wengine wanakimbia moto. “Namba ishirini na saba. Aliingia kwangu na mbili na tatu. Nilimkaanga mbele ya darasa, wengi mko hapa mliona, yule msichana wa ndengu. Leo anajipa tisa, na mradi wake, nimeusahihisha jana, ndio bora darasani. Hiyo ndiyo njia yangu.”

Watu walipiga makofi. Wengine waligeuka kunitafuta kwa macho. Siri ya majina ikawa imekwenda na maji, na mimi nimekuwa ushahidi wake. Muhula mzima nilinoa kisu, na kumbe nilikuwa nanoa chake.

Nikasimama. Alama zangu bado hazikuwa na sahihi yake, nilijua hilo.

“Daktari, nina maswali.”

“Ah, mwenyewe huyo!” akawaambia wageni. “Uliza, uliza.”

“Namba ishirini na nane ni mstari upi?”

Akatazama ukuta. “Huyo hakumaliza. Walioacha hawahesabiwi.”

“Alianza na kumi kila mahali. Angehesabiwa, mstari wake ungefika wapi?”

“Kagure, kanuni ni kwamba...”

“Sawa. La pili. Umesema nimepanda kwa sababu ulinikaanga. Wote ulitukaanga. Kama ni hiyo, mbona wao wameshuka? Kuna kitu hukukipima.”

“Kitu gani hicho?”

“Hasira,” nikasema. “Nilisoma takwimu nikitafuta njia ya kukuharibia utafiti huu. Kila kitabu nilichofungua nilikifungua kwa sababu yako, lakini hukunifundisha wewe. Hilo swali halimo kwenye hojaji yako.”

Ukumbi ukacheka, mimi sikucheka. Muchangi akasema nikae chini. Alisema mara mbili, ya pili si kwa sauti ya mbele ya wageni.

“Ninakaa, Daktari. Lakini Septemba ulitusomea kwamba mshiriki anaweza kujiondoa wakati wowote bila kutoa sababu. Mimi ni namba ishirini na saba, umenitaja mwenyewe. Najiondoa.”

Hakuelewa upesi. Profesa Igoki ndiye aliyeelewa. Alivua miwani akaiacha ining’inie.

“Daktari,” akasema, taratibu kabisa, “huyu ana haki hiyo. Ondoa data yake.”

“Profesa, nitaiondoa baadaye, kwa ofisi...”

“Iondoe.”

Basi akainama juu ya tarakilishi yake, na sote tukamsikia akibonyeza. Mstari mwekundu ukatoweka. Ikabaki ile mingine, mwembamba baada ya mwembamba, yote inateremka, na yeye amesimama kando yake na kijiti cha kuonyeshea mkononi, hana pa kukielekeza. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimemtakia kicheko cha kugonga meza, kama changu. Kile kimya kilikuwa kirefu kuliko kicheko, na nilikaa chini nikakisikiliza chote.

12 Desemba

Nimelala mpaka saa nne. Jua.

17 Desemba

Alama zimebandikwa. Nimepita, na vizuri, na sahihi ni yake. Sijui kama ni haki au ni kumwogopa Profesa. Sitamuuliza. Nilipishana naye kwenye ngazi, akasema, “Kagure,” nikasema, “Daktari,” kila mtu akashika njia yake. Hakuwa na tai. Sikumhurumia, ingawa niliangalia kama nitamhurumia.

20 Desemba

Maua. Nimemkuta Nkirote kwenye kibanda cha shangazi zake, ameketi juu ya kreti, anafunga vifurushi vya miraa kwa majani ya mgomba. Vidole vyake vimekuwa vyepesi sana. Shangazi wakanisogezea kreti na rundo langu, maana hapa hakuna mgeni wa kukaa bure kabla pikapu ya kubeba mzigo haijaja.

Nilimsimulia yote. Nilifika kwenye mstari kutoweka nikasubiri acheke, ashangilie, anikumbatie. Alifunga kifurushi alichokuwa nacho, akakiweka na vingine.

“Kwa hivyo sasa sisi wawili hatumo,” akasema.

“Hatumo.”

“Lakini wewe umepita na mimi nafunga miraa.”

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli, na muhula wote sikuwa nimeitazama kutoka hapo. Kisasi changu kilikuwa kimefika hadi Embu tu. Nikamwambia Profesa Igoki amekubali arudi Januari chini ya msimamizi mwingine, nilikwenda mwenyewe ofisini kwake kuuliza. Nikamwambia sweta yake ya kijani imebaki kwenye kitanda chake.

“Na ile sauti?” akauliza. “Nikifungua karatasi nikaisikia?”

“Ijibu. Itukane. Mimi niliitukana muhula mzima.”

Shangazi mmoja akacheka. Nkirote hakucheka, lakini alitazama barabarani, walikoketi vijana wawili, mashavu yamejaa, macho mekundu.

“Wale,” akasema polepole. “Ukiwauliza wamelala saa ngapi watakudanganya. Inabidi umuulize anayelala nao chumba kimoja.”

Akaniomba kalamu. Nilikuwa nayo.